Ukoo wa Svend Estridsen: jinsi ufalme wa Denmark ulivyopona kwa upande wa akina mama

Tarehe 14 Januari 2024 Malkia Margrethe II wa Denmark aling'atuka na kumwachia kiti mwanawe, Frederik X. Habari ilienea dunia nzima, na kila iliposimuliwa mara nyingi ilifuatana na mambo mawili. La kwanza, kwamba hakuna mtawala wa Denmark aliyewahi kung'atuka kwa hiari tangu mwaka 1146. La pili, kwamba kiti hicho kimeshuka moja kwa moja tangu enzi za Gorm Mzee na mwanawe Harald, yule ambaye jina lake la utani, Bluetooth, limo kwenye simu zetu.

La kwanza ni kweli. La pili ni kweli kwa namna inayopotosha. Mtu akisikia "moja kwa moja" huwaza safu ya wanaume: baba, mwana, mjukuu, kitukuu, wakipokezana taji kwa zaidi ya miaka elfu moja. Safu hiyo haipo. Upande wa wanaume ulikatika, ukaungwa, ukakatika tena, na kila ulipokatika alikuwapo mwanamke ambaye uzao uliendelea kupitia kwake. Wengi wa wanawake hao hawakuketi kwenye kiti hata siku moja, na kwenye orodha za wafalme hawamo. Bila wao orodha zenyewe zisingekuwapo.

Njia rahisi ya kulielewa jambo hili ni kumshika mfalme mmoja na kuwafuata watu wake. Namchagua Svend Estridsen, aliyetawala Denmark kuanzia 1047 hadi 1076, kwa sababu wote waliomfuata kwenye kiti hadi mwishoni mwa karne ya 14 walitoka kwake, na kwa sababu yeye mwenyewe asingefika pale bila mama yake.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Ukoo wa kifalme ni jina ambalo wanahistoria huwapa watawala waliofuatana kwa damu. Kwa desturi ya Ulaya jina hilo hubadilika upande wa wanaume unapokwisha. Uzao ni jambo pana zaidi: watoto na watoto wa watoto, wa kiume kwa wa kike, wa ndoa na wa nje ya ndoa. Ukoo unaweza kufa kwenye vitabu huku uzao wake ukistawi. Na kurithi kiti, katika Denmark ya karne ya 11, hakukuwa haki ya kifungua mimba. Watu huru walikutana barazani wakamchagua mfalme, na sharti kubwa lilikuwa awe na damu ya kifalme. Mwenye damu hiyo angeweza kuwa ndugu, mpwa, au mtoto wa hawara. Kiti kilikuwa kimoja, wenye haki nacho walikuwa wengi, na humo ndimo ilimotoka damu yote tutakayoiona hapa chini.

Mama aliyempa mwanawe jina

Februari 1014 Svend Tveskæg, mwana wa Harald Bluetooth, alifariki Uingereza wiki chache tu baada ya kuiteka. Miongoni mwa watoto aliowaacha walikuwamo Harald, Knud na binti aliyeitwa Estrid. Knud ndiye dunia inayemkumbuka kama Knud Mkuu: mfalme wa Uingereza tangu 1016, wa Denmark tangu 1018, wa Norwei tangu 1028. Aliyeutazama ukoo huo mwaka 1030 angeapa kwamba hautang'oka. Knud akafa 1035. Mwanawe Svend, aliyekuwa amewekwa kutawala Norwei, hakukawia kumfuata. Mwanawe mwingine, Harold, akafa 1040. Hardeknud akaanguka na kikombe mkononi kwenye karamu ya harusi mwezi Juni 1042, na hakuinuka tena. Ndani ya miaka saba hakubaki mwana hata mmoja wa Knud. Binti yake Gunhild, aliyeolewa na mfalme wa Ujerumani, alikuwa ameshafariki 1038, akaacha mtoto mmoja wa kike aliyekuja kuwa mkuu wa nyumba ya watawa.

Akabaki Estrid. Mumewe, Ulf, mmoja wa wakuu wenye nguvu zaidi nchini, aliuawa Roskilde karibu na Krismasi ya mwaka 1026 kwa amri ya Knud, yaani shemeji yake. Mapokeo yanasema ugomvi ulianzia kwenye mchezo wa sataranji. Mimi naona sataranji ni kisingizio cha wasimulizi. Ulf alikuwa na nguvu za kumtia mfalme wasiwasi, na hilo lilitosha. Estrid akawa mjane mwenye watoto wa kulea, na aliyeamuru mumewe auawe alikuwa kaka yake.

Waskandinavia wa wakati ule hawakuwa na majina ya ukoo. Mtu aliitwa mwana wa fulani, na fulani huyo kwa kawaida alikuwa baba. Mtoto wa Ulf angeitwa mwana wa Ulf. Lakini Ulf hakuwa wa nyumba ya kifalme, Estrid ndiye aliyekuwa wa nyumba hiyo, na mtoto mwenyewe alibeba jina la babu yake mzaa mama. Akajulikana kama Svend mwana wa Estrid, na watawala waliotoka kwake wanaitwa hadi leo ukoo wa Estridsen.

Hapa wengi huuliza: je, Wadenmark walikuwa wakirithishana kwa upande wa mama? Msomaji wa Morogoro anayewajua Waluguru, au wa Mtwara anayewajua Wamakonde, amezoea mila ambayo cheo na ardhi hutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa, na kwa Knud na Svend anaweza kudhani anaona jambo lilelile: mjomba amekufa, mpwa ameshika. Kufanana huko ni kwa juujuu. Katika mila za upande wa mama mpwa ndiye mrithi hata kama mjomba ana wana wake mwenyewe, wazima na wenye nguvu. Denmark mpwa alitafutwa pale tu wana walipokwisha. Njia ya mama ilikuwa ya dharura. Kinachoshangaza ni jinsi dharura hiyo ilivyojirudia.

Wala Svend hakukipata kiti kwa ulaini. Hardeknud na Magnus wa Norwei walikuwa wamepatana kwamba atakayetangulia kufa, nchi yake iende kwa mwenzake. Magnus akaichukua Denmark 1042, na kwa miaka mitano Svend alipigana naye akishindwa karibu kila mara. Magnus alipofariki 1047 ndipo Svend akatawala, na hata hapo akakabiliwa na mfalme mpya wa Norwei, Harald Hardråde, ambaye hakukubali amani hadi 1064.

Shangazi wa Uingereza

Mwaka 1066 husimuliwa kama mwaka wa Uingereza. Kwa Svend yalikuwa mambo ya nyumbani. Baba yake Ulf alikuwa na dada, Gytha, aliyeolewa na Godwin, mkuu wa Wessex. Mwana wao Harold ndiye aliyekuwa mfalme wa Uingereza mwaka ule. Tarehe 25 Septemba alimshinda Harald Hardråde huko Stamford Bridge, na Hardråde akafia hapo. Tarehe 14 Oktoba yeye mwenyewe akauawa Hastings. Kwa hiyo adui aliyemsumbua Svend kwa karibu miaka ishirini aliangushwa na mtoto wa shangazi yake, na wiki tatu baadaye mtoto huyo wa shangazi naye hakuwapo.

Baadhi ya watoto wa Harold walikimbilia Denmark. Mmoja wao, binti aliyeitwa Gytha kama bibi yake, aliozwa kwa msaada wa Svend kwa Vladimir Monomakh, aliyekuja kuwa mtawala wa Kyiv. Jina la huyo Vladimir litarudi kwenye kiti cha Denmark kwa namna ambayo Svend asingeweza kuitabiri. Naye Svend akamwoza binti yake Ingerid kwa Olaf Kyrre, mwana wa yuleyule Hardråde. Uadui wa baba ukawa ukwe kwa watoto.

Habari nyingi za Svend tunazipata kwa Adam wa Bremen, mwalimu na mwanakanisa wa Ujerumani aliyekutana naye ana kwa ana na kumsifu kwa kumbukumbu zake za mambo ya kale. Adam hakumsifu kwa mambo ya wanawake. Svend alimwoa Gunnhild, na askofu mkuu wa Hamburg-Bremen akadai waachane kwa sababu walikuwa ndugu kupita kiasi kilichoruhusiwa na Kanisa. Wakaachana. Baada ya hapo Svend alizaa na wanawake kadhaa. Wanahistoria huhesabu watoto wapatao 20, baba mmoja, mama mbalimbali. Wana wake waliotawala hawakuzaliwa ndani ya ndoa iliyotambuliwa na Kanisa.

Hapo ndipo dhana nyingine hukosea, ile ya kwamba mtoto wa nje ya ndoa asingeweza kuwa mfalme. Katika karne ya 11 angeweza. William aliyeiteka Uingereza alizaliwa hivyohivyo, na hakuna aliyemshinda kwa hoja hiyo. Kanisa lilikuwa bado linasukuma sheria yake ya ndoa, na baraza la watu huru lilijali zaidi damu ya baba.

Ndugu watano, kiti kimoja

Svend alipofariki 1076, wana wake watano walikuja kutawala mmoja baada ya mwingine: Harald Hen, Knud, Oluf, Erik na Niels. Kwa pamoja walishika kiti hadi 1134, takriban miaka 58. Hakuna nyumba nyingine ya wafalme wa Denmark iliyowahi kutoa ndugu watano.

Harald alichaguliwa kwenye baraza la Isøre, akatawala miaka minne kwa upole, akafa. Knud aliyefuata alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa, na kwake nitakawia.

Knud alitaka mfalme awe mfalme kweli. Aliwabana wakulima kwa malipo, akalipa Kanisa mali na heshima, na mwaka 1085 akakusanya merikebu huko Limfjord ili aidai Uingereza aliyoitawala Knud Mkuu, mjomba wa baba yake. William alitishika kiasi cha kuleta askari wengi wa kukodi, na sensa kubwa ya ardhi ya Uingereza ya mwaka 1086 wanahistoria wengi huihusisha na tishio hilo. Lakini merikebu hazikuondoka. Mfalme alikuwa kusini akiutazama mpaka wa Ujerumani, wakulima wakangoja kiangazi kizima, mavuno yakawadia, wakarudi makwao. Mwaka uliofuata Knud akaanza kuwatoza faini. Uasi ukalipuka kaskazini mwa Jutland na kumsukuma hadi mji wa Odense. Tarehe 10 Julai 1086 aliuawa ndani ya kanisa la Mtakatifu Alban, pamoja na ndugu yake Benedikt na watu 17 waliokuwa nao.

Mifupa yake ipo Odense hadi leo, chini ya kanisa kuu lenye jina lake, na inaonekana kwa yeyote anayeshuka ngazi kwenda kuitazama. Mwaka 2008 ilipigwa picha kwa mashine ya hospitali. Picha zilionyesha mtu mwembamba, atumiaye mkono wa kulia, aliyechomwa tumboni kwa nguvu hadi ncha ikagonga mfupa wa nyuma ya nyonga. Hakukuonekana majeraha ya mtu aliyepigana. Masimulizi ya kale yalisema alikipokea kifo chake bila kujitetea, mifupa haijayapinga.

Mkewe Adela alirudi kwao Flanders na mtoto wao mdogo, Karl. Mtoto huyo alikua, akawa mtawala wa Flanders, na tarehe 2 Machi 1127 naye aliuawa kanisani, mjini Bruges, akiwa kwenye sala. Kila ninaporudi kwenye ukoo huu, ni Adela ninayemfikiria hapa kuliko wanaume wenyewe: alimtorosha mtoto kutoka nchi iliyomuua baba yake, na mtoto akafikiwa na kifo kilekile kwenye nchi aliyopelekwa ili apone.

Oluf alikuwa amezuiliwa Flanders wakati Knud anauawa, na ili aachiliwe ilibidi mdogo wake Niels apelekwe kushikiliwa badala yake. Enzi yake ikaangukia njaa kali. Watu wakasema Mungu anaiadhibu nchi kwa damu iliyomwagwa kanisani, na mfalme akabaki na jina la Oluf Njaa. Erik aliyemfuata 1095 alijua kuitumia hadithi hiyo: alifanya juhudi ndugu yao Knud atangazwe mtakatifu, na mwaka 1101 ikawa. Ukoo wenye mtakatifu wake ni ukoo mgumu kuupinga. Kisha Erik na mkewe Bodil wakaondoka kwenda kuhiji Yerusalemu; Erik akafia Kupro mwaka 1103, Bodil akafika na kufia huko huko Yerusalemu. Niels, mdogo wao, akatawala miaka 30.

Wajukuu wanauana

Erik alimwacha mwana, Knud, aliyejulikana kwa jina la Lavard. Niels alikuwa na mwana wake, Magnus. Kwa hesabu yetu hao ni ndugu, mtoto wa baba mkubwa na mtoto wa baba mdogo. Magnus alimwona Knud Lavard kuwa kikwazo kati yake na kiti, na tarehe 7 Januari 1131, baada ya sherehe za Krismasi, akamwita msituni Haraldsted na kumuua.

Mke wa Knud Lavard alikuwa mjamzito. Aliitwa Ingeborg, binti wa Mstislav wa Kyiv, na Mstislav alikuwa mwana wa yule Gytha mkimbizi na Vladimir Monomakh. Wiki moja baada ya mumewe kuuawa, tarehe 14 Januari 1131, Ingeborg alijifungua mtoto wa kiume akampa jina la yule Vladimir, baba wa baba yake Ingeborg: Valdemar, ndiyo Vladimir kwa ulimi wa Kidenmark. Kwa mtoto huyo damu ya Svend Estridsen na ya Harold aliyeanguka Hastings zilikutana. Na tarehe ileile, 14 Januari, ndiyo Margrethe II aliyokalia kiti mwaka 1972 na kukiacha mwaka 2024.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kisasi. Magnus aliuawa vitani Fotevik mwaka 1134, na wiki chache baadaye baba yake Niels akaingia mji wa Schleswig, ambako watu walimpenda Knud Lavard, wakamuua. Ndugu wa Knud Lavard, Erik Emune, akashika nchi na kuwaangamiza jamaa zake mwenyewe hadi naye alipochomwa mkuki barazani mwaka 1137. Akaja Erik Lam, aliyekuwa na haki ya kiti kupitia kwa mama yake Ragnhild, binti wa Erik aliyefia Kupro. Tayari mwanamke wa pili. Huyu Erik Lam ndiye aliyeng'atuka mwaka 1146, akaingia nyumba ya watawa Odense na kufariki mwaka huohuo. Ndiye mtangulizi ambaye habari za 2024 zilimkumbuka. Wapo wafalme wengine wa Denmark walioacha kiti wangali hai, kama Christian II mwaka 1523, ila hao waliondolewa kwa nguvu. Tofauti hiyo ndiyo iliyowachanganya waliodai kwamba Margrethe hakuwa wa kwanza tangu karne ya 12.

Baada ya Erik Lam wakabaki vitukuu watatu wa Svend, wote wakidai kiti: Svend mwana wa Emune, Knud mwana wa Magnus, na Valdemar. Mtoto wa aliyeua na mtoto wa aliyeuawa wakaungana dhidi ya mwenzao, na Valdemar akamchumbia Sophia, dada yake Knud wa mama mmoja. Agosti 1157 wote watatu walikaa karamu moja Roskilde kusherehekea amani. Watu wa Svend wakashambulia mezani. Knud akauawa, Valdemar akaponyoka na jeraha. Oktoba mwaka huohuo Svend akashindwa vitani na kuuawa, na Valdemar akabaki peke yake.

Alichokifanya baadaye kinaonyesha kwamba alikuwa amelielewa tatizo. Juni 1170, mjini Ringsted, mifupa ya baba yake ilitukuzwa kama ya mtakatifu, na siku ileile mwanawe Knud, mtoto wa miaka saba, akavikwa taji wakati baba yungali hai. Mrithi alijulikana mapema. Baraza halikufutwa, ila nafasi ya ndugu na binamu kugombania kiti ilibanwa.

Mifupa ya Roskilde na kipimo kilichoeleweka vibaya

Ndani ya kanisa kuu la Roskilde kuna nguzo zenye mabaki ya watu wa kale. Katika moja ametambuliwa Svend Estridsen. Katika nyingine ilisemekana amewekwa mama yake, Estrid. Mwaka 2007 wanasayansi walitangaza matokeo ya kupima vinasaba vya meno ya wote wawili: mwanamke yule hakuweza kuwa mama wa Svend.

Kutoka hapo ikawa rahisi kusema kwamba Svend hakuwa mwana wa Estrid na kwamba nasaba nzima ni ya uongo. Kipimo hakikusema hivyo. Sehemu iliyopimwa ni ile ambayo kila mtu huipata kwa mama yake peke yake, mwana kwa binti, na ambayo mwanamume hawapi watoto wake. Kama mwanamke wa nguzoni ni mama wa Svend, sehemu hizo zingelingana. Hazikulingana. Hapo kuna njia mbili: ama Svend hakuwa mwana wa Estrid, ama mwanamke aliyewekwa pale si Estrid. Upande wa kwanza unapingana na watu wa wakati wake, akiwamo Adam aliyezungumza naye, na unapingana na jina alilojulikana nalo maisha yake yote. Upande wa pili unahitaji jambo dogo tu: kwamba watu waliokuja kuandika majina kwenye nguzo baadaye walikosea. Ipo dhana kwamba mwanamke huyo ni mke wa Harald Hen, mwana wa Svend, ambaye naye aliitwa Estrid. Mimi nauamini upande wa pili.

Walioshika uzi

Uzao wa Valdemar uliendelea kwa wanaume hadi Valdemar Atterdag, aliyefariki 1375 bila kuacha mwana. Binti yake Margrete I akaitawala Denmark, Norwei na Uswidi kwa pamoja, akili kubwa kuliko wafalme wote niliowataja hapa, lakini mwanawe pekee Oluf alikufa kijana mwaka 1387. Alipofariki mwenyewe mwaka 1412, wanahistoria wakaufunga ukoo wa Estridsen. Kiti kilikwenda kwa mjukuu wa dada yake, kisha kwa mpwa wa huyo mjukuu, ambaye alifariki 1448 bila mtoto.

Basi ilikuwaje uzi usikatike? Baraza la wakuu lilimwendea Adolf wa Holstein. Akakataa, akamtaja Christian wa Oldenburg, mtoto wa dada yake Hedwig. Mjomba na mpwa tena, miaka 400 baada ya Knud na Svend. Na Hedwig hakuwa mwanamke wa kuokotwa njiani: babu yake alikuwa mwana wa Sophia wa Werle, na Sophia alikuwa binti wa Rikissa, binti wa mfalme Erik Glipping, kitukuu wa Valdemar I. Rikissa, Sophia, Hedwig. Kwa wanawake hao watatu damu ya Svend Estridsen ilirudi kwenye kiti cha Denmark mwaka 1448, na kila mfalme tangu hapo ametoka kwa Christian I. Upande wa wanaume wa nyumba hiyo ulipofikia kikomo tena mwaka 1863, Christian IX alichukuliwa kutoka tawi la mbali, na haki yake iliimarishwa na mkewe Louise, aliyekuwa karibu na kiti kuliko yeye.

Nje ya Denmark uzao huo umetapakaa. Helena, binti wa Valdemar I, aliolewa Ujerumani, na kwa mwanawe Otto walitoka watawala wa Hanover walioingia Uingereza na George I mwaka 1714. Princess Elizabeth aliyekuwa Nyeri, Kenya, baba yake alipofariki Februari 1952, akashuka huko akiwa malkia, alikuwa mzao wa Svend kwa njia hiyo, na tena kwa njia ya Alexandra, binti wa Christian IX.

Lakini asikudanganye mtu kwamba damu hii ni adimu. Una wazazi 2, babu na bibi 4, na ukirudi nyuma vizazi 30 nafasi za wahenga wako zinapita bilioni 1. Ulaya nzima ya wakati wa Svend ilikuwa na watu makumi ya milioni. Mtu mmoja lazima ajaze nafasi nyingi katika nasaba moja. Mwanamume mwenye watoto wapatao 20, ambao wajukuu zao walioana kuanzia Norwei hadi Kyiv, bila shaka ni mhenga wa mamilioni ya watu wa kaskazini mwa Ulaya, wavuvi na makarani na madereva. Nyumba za kifalme zinawazidi wenzao kwa karatasi tu: wao wana majina yaliyoandikwa.

Sheria ilichelewa mno kuutambua ukweli huu. Margrethe alikuwa na miaka 12 wakati mrithi wa baba yake, Frederik IX, alikuwa bado baba yake mdogo, aliyeitwa Knud. Mwaka 1953 Wadenmark walipiga kura na wanawake wakaruhusiwa kurithi, ila kwa sharti kwamba kaka, hata mdogo, amtangulie dada. Sharti hilo nalo liliondolewa kwa kura ya Juni 2009. Leo anayemfuata Frederik X ni mwanawe Christian, na baada ya Christian ni Isabella, aliyezaliwa 2007, ambaye chini ya sheria ya 1953 angempisha mdogo wake Vincent.